Rangi za Ua Zisipolingana, Usikimbilie Nyundo

Ndugu msomaji, ukipita katika mitaa ya miji yetu siku ya Jumapili, wakati milango ya nyua iko wazi na watu wamekaa barazani, hutakosa kuona jambo hili. Utaona ukuta wa uzio ulioanza kwa matofali ya kijivu ukamalizika kwa matofali ya kahawia. Utaona sakafu ya ua iliyopangwa nusu nyekundu na nusu kijivu, kana kwamba nyumba mbili zimekutana zikakataa kusalimiana. Utaona nguzo ya lango iliyopakwa rangi ya maziwa karibu na ukuta ambao haujapigwa hata lipu. Wenye nyumba wengine hucheka wanapokuonyesha. Wengine huona haya, wakaanza kujitetea kabla hujauliza. Na wapo ambao hukopa fedha, wakavunja kazi nzima iliyo imara, ili tu rangi zipate kulingana.

Kwa ajili ya hao wa mwisho ninaandika leo. Nasema kwamba tofauti ya rangi katika ua wa mfanyakazi aghalabu si dalili ya uzembe, bali ni matokeo ya namna tunavyojenga. Mtu anayeishi kwa mshahara hajengi kwa mkupuo mmoja. Mwaka huu anachimba msingi, mwaka ujao anapandisha kuta, mwaka wa tatu mtoto anaanza sekondari na ujenzi unasimama. Akirudi dukani baada ya muda, saruji ni ya kiwanda kingine, mchanga ni wa shimo jingine, na fundi aliyefyatua matofali ya kwanza amekwisha kuhama. Ajabu ingekuwa rangi kulingana.

Tuanze na saruji yenyewe. Saruji tunayoitumia leo asili yake ni ile aliyopatia hati ya uvumbuzi Joseph Aspdin wa Leeds, Uingereza, mwaka 1824. Aliiita saruji ya Portland kwa kuwa aliona inafanana na jiwe la Portland lililosifika sana nchini kwake. Ukijivu wake hutokana zaidi na chuma kilichomo katika malighafi. Saruji nyeupe ni nyeupe kwa sababu hutengenezwa kwa malighafi yenye chuma kidogo sana. Sasa, kila kiwanda huchimba mawe na udongo wa mahali pake. Kile cha Wazo Hill, kilichoanza uzalishaji mwaka 1966, kina kilima chake. Cha Tanga na cha Mbeya navyo vina mawe yao. Mifuko miwili ya viwanda viwili, yote mizuri na yenye nguvu, inaweza kukupa kijivu cha aina mbili.

Kisha kuna mchanga. Mchanga wa mto huwa mweupe au wa kijivu, ilhali mchanga wa shimo wenye udongo mwekundu hulipa tofali sura ya kahawia. Kuna kokoto: zile za matumbawe ya pwani ni nyeupe, zile za mawe magumu ya bara ni nyeusi au za kijivu kizito, na tofali likichakaa usoni kokoto hizo huanza kuonekana. Kuna maji: fundi akizidisha maji katika mchanganyiko, tofali likikauka huwa jeupe zaidi, na huwa dhaifu pia. Kuna hata kivuli. Matofali yaliyofunikwa na kumwagiliwa kwa siku kadhaa hayafanani na yale yaliyoachwa juani yakakauka kwa siku moja.

Tena kuna ule unga mweupe unaojitokeza juu ya matofali mapya, ambao watu wengi hudhani ni ubovu. Ndani ya saruji kuna chokaa ambayo huyeyuka katika maji. Maji yanapopanda usoni na kukauka, chokaa hiyo hukutana na hewa ikageuka ukoko mweupe. Tofali jekundu likivaa ukoko huo huonekana limepauka, wakati wekundu wake bado upo chini. Aliyetumia maji ya kisima chenye chumvi, au mchanga wa ufukweni, ataona weupe mwingi zaidi, kwa maana chumvi nayo hupanda usoni.

Basi jambo la kwanza, ndugu msomaji, ni kutohukumu mapema. Chagua kipande kimoja cha sakafu ya zamani, kiasi cha mita moja ya mraba, ukisugue kwa maji na brashi ngumu hadi vumbi na ukungu wa kijani vitoke. Kiache kikauke kabisa. Kisha kitazame asubuhi na ukitazame tena jioni, kwa kuwa jua la mchana huficha rangi. Huenda ukagundua kwamba zile rangi mbili zilizokukosesha raha ni moja, ila moja imeoga na nyingine haijaoga. Kwa matofali mapya yenye unga mweupe, yafagie yakiwa makavu, kisha subiri masika moja yapite. Mara nyingi mvua hufanya kazi hiyo bila malipo. Usiharakie kumwaga tindikali. Tindikali hula saruji, huchoma mikono na macho, na juu ya ukuta wa chokaa au wa mawe ya matumbawe ni maangamizi matupu.

Lakini najua si kila tofauti huondoka kwa maji. Katika nyumba ya mama yangu mzazi haikuondoka, na mjadala uliozuka ulihusu mambo mazito kuliko rangi.

Ukuta wa ua ule alijenga marehemu baba. Alikuwa mfanyakazi wa karakana, na kila mwisho wa mwezi alinunua mifuko miwili ya saruji, akafyatua matofali mwenyewe siku za Jumamosi na Jumapili. Kwa hiyo ukuta ule una mistari. Huku chini kuna kijivu kizito, juu yake kijivu cheupe, halafu kuna mistari miwili ya kahawia kabisa. Mama hukuonyesha mistari hiyo miwili kwa kidole na kukwambia ni ya mwezi ambao mdogo wetu wa mwisho alilazwa hospitali, mfuko mmoja ukauzwa ili kununua dawa, na baba akafyatua kwa saruji kidogo na mchanga mwingi. Kakangu mkubwa naye, alipopata kazi Mwanza, alituma fedha za kupanga matofali ya sakafu, yale ambayo mafundi huyaita pevingi. Fedha zilitosha nusu ya ua tu, akachagua rangi nyekundu. Alipotuma za nusu ya pili, karakana ya mtaani iliyofyatua yale ya kwanza ilikuwa imefungwa, yakaletwa ya kijivu. Ua ukawa na mpaka katikati, umenyooka kama uliopimwa kwa kamba.

Dada yetu alipochumbiwa, ikaamuliwa kwamba sherehe ya kumwaga ifanyike pale nyumbani. Kaka akapiga simu. Alisema hawezi kuwakaribisha wakwe katika ua kama ule. Uvunjwe ukuta, ing'olewe sakafu, vyote vijengwe upya kwa rangi moja. Fedha angetuma. Tatizo ni kwamba fedha zenyewe zilikuwa ndizo alizokuwa amezitenga kwa karo ya chuo ya huyo huyo mdogo wetu wa mwisho. Mama aliniita, nikamkuta amekaa kwenye mkeka akichambua mchele.

"Mwanangu," aliniambia, "kaka yako ana haki ya kutaka mahali pazuri. Fedha ni zake na jina ni letu sote. Lakini mwulize fundi, huo ukuta una ugonjwa gani hata uvunjwe?"

Swali lile ndilo ninalotaka kila mwenye nyumba alishike. Rangi ni jambo moja na uimara ni jambo jingine. Fundi alikuja na timazi, akapima ukuta, akauona umesimama wima. Akachukua msumari akakwaruza tofali moja moja. Ya kijivu hayakutoa kitu ila mstari mwembamba. Ile mistari miwili ya kahawia ilitoa unga, lakini kwa kina kidogo tu. Alitueleza kwamba msumari ungezama na tofali kumeguka, hapo tungekuwa na sababu ya kuvunja. Kwa hali ile, lipu ya upande mmoja katika mistari ile ingetosha. Ukuta haukuwa na ugonjwa.

Ikabaki sakafu, na hapo fundi alitufundisha jambo ambalo wengi hawalijui. Matofali ya sakafu yaliyopangwa juu ya mchanga, bila kushikizwa kwa saruji, hung'oka yakiwa mazima na kupangwa upya. Hayahitaji kununuliwa tena. Kinachohitajika ni hesabu, mchanga na siku chache za kazi.

Hesabu yenyewe ni hii. Tofali la sentimita 20 kwa 10 huingia mara 50 katika mita moja ya mraba. Ua wa mama una mita 6 kwa 7, yaani mita 42 za mraba, sawa na matofali 2,100. Mekundu yalikuwa 1,000 na ya kijivu 1,100. Tukaanza na mekundu. Njia ya kutoka langoni hadi barazani, upana wa mita 1 na urefu wa mita 7, ilichukua 350. Busati la mraba la mita 3 kwa 3, mahali ambapo kivuli cha mwembe wa jirani huangukia na ambapo watu hupenda kukaa, lilichukua 450. Mkanda wa mstari mmoja kuzunguka ua wote, mita 26, ulichukua 130. Kando ya ukuta mmoja tuliacha ukanda wa udongo wa sentimita 20, tukapanda mchaichai na mrehani, na huo ukatuachia matofali mekundu 70 ya akiba, yaliyopangwa nyuma ya jiko yakingojea siku tofali lolote litakapovunjika. Sehemu yote iliyosalia ni ya kijivu.

Msomaji, hapakuongezeka rangi wala hapakupungua. Ni wekundu ule ule na ukijivu ule ule. Ila zamani rangi ziligawanyika pale fedha zilipokwisha, na sasa zinagawanyika pale mtu anapopita na pale mtu anapokaa. Jicho la binadamu halichukizwi na tofauti. Huchukizwa na tofauti isiyo na sababu. Ukilipa sababu, hutulia.

Wazee wetu wa pwani walilijua hilo. Nenda ukatazame magofu ya Kunduchi, kaskazini ya Dar es Salaam. Makaburi ya nguzo ya karne ya 18 yaliyopo pale yalipambwa kwa mabakuli na sahani za kauri zilizotoka China, ingawa mahali pengine sasa yamebaki mashimo tu. Vyombo vile havikuwa seti moja, lakini vilitulia kwa sababu vilizungukwa na chokaa ya rangi moja. Kule Kilwa Kisiwani nako, Msikiti Mkuu ulianza kujengwa karne ya 11 ukaja kupanuliwa baadaye, na sehemu mpya zikaungana na za zamani kwa matumbawe na chokaa. Bara nako, katika mikoa kama Iringa na Njombe, mfyatuaji wa matofali ya kuchoma anajua kwamba tanuri moja hutoa rangi nyingi: yaliyokuwa karibu na moto huiva yakawa meusimeusi, na ya pembeni hubaki na wekundu hafifu. Mwashi mwenye akili hayapangi kama yalivyotoka tanurini. Huyachanganya kwanza, ukuta ukapata madoadoa yaliyoenea, yakapendeza.

Kutokana na hayo naweza kukupa shauri la mambo manne.

Kama bado hujapanga matofali yako, yachanganye. Chukua kutoka katika marundo matatu au zaidi kwa wakati mmoja, wala usimalize rundo moja ndipo uanze jingine. Ukiwa utanunua kwa awamu, weka akiba sehemu ya awamu ya kwanza uje kuichanganya na ya pili. Na ukiamua kufyatua ya rangi mwenyewe, pima rangi kwa mizani, si kwa kopo la kukisia. Kilo mbili na nusu za rangi ya unga kwa mfuko wa saruji wa kilo 50, yaani asilimia 5, huweza kutosha vizuri. Kupita kilo 5 ni kupoteza fedha na kudhoofisha tofali.

Kama umekwisha kupanga na mpaka umejitokeza, ung'oe mpaka. Ama badilishana matofali ya pande zote mbili katika upana wa mita moja au mbili ili rangi ziingiliane polepole, ama fanya kama tulivyofanya sisi, uipe kila rangi kazi yake. Kabla hujang'oa hata moja, hesabu, chora kwenye karatasi, kisha panga kipande kidogo bila kukishindilia, ukitazame kwa siku mbili.

Kama tatizo ni ukuta na sakafu kutopatana, usijaribu kuutengenezea ukuta rangi ile ile ya sakafu. Ukikaribia bila kufika, utaonekana umekosea. Chagua rangi hafifu zaidi, nyeupe au ya maziwa. Chini, kwa kiasi cha sentimita 30, pitisha ukanda wa rangi nzito inayoelekea ile ya sakafu. Huo pia utaficha matope yanayoruka wakati wa mvua. Ukuta wenye unyevu upake chokaa, tabaka mbili au tatu nyembamba, kwa maana chokaa huacha ukuta upumue. Rangi ya mafuta juu ya unyevu huvimba na kubanduka. Na kati ya ukuta na sakafu, panapowezekana, acha mimea midogo. Majani huzitenganisha rangi mbili bila ugomvi.

Jambo la nne ni la kuepuka. Usipake sakafu ya matofali rangi ya ukutani, wala usipige niru nyembamba juu yake ukidhani umefunika aibu. Rangi itabanduka kwa nyayo na mvua, na wakati wa masika itateleza. Niru itapasuka katika kila kiungo, nawe utakuwa na rangi tatu badala ya mbili.

Sherehe ya dada ilifanyika. Wakwe waliketi juu ya busati jekundu chini ya kivuli cha mwembe, wakala, wakaimba, na sikusikia mtu akizungumza habari za matofali. Ukuta tuliupaka chokaa pande zote isipokuwa upande wa jikoni. Huo mama alikataa usiguswe, hata ile mistari miwili ya kahawia haikupigwa lipu kwa ndani. Fundi aliipiga kwa nje, upande unaopigwa na mvua. Kaka alipofika alisimama mbele ya upande ule kwa muda, akasema bado anaona haukupendeza. Mama alimjibu kwamba si lazima kila kitu kimpendeze, na akamwuliza kama amekwisha kulipa karo. Alikuwa amelipa.

Ndugu msomaji, methali yetu yasema haba na haba hujaza kibaba. Aliyejaza kibaba chake kwa haba asishangae kuona kwamba punje hazikutoka shamba moja. Leo jioni, kabla hujapiga hesabu ya kuvunja, chukua msumari ukakwaruze tofali, chukua brashi ukaoshe mita moja ya sakafu, kisha hesabu ulicho nacho. Kama tofali ni imara, fedha ya kuvunjia ina kazi nyingine nyumbani mwako, na kazi hiyo unaijua.